Gari Lisilojua Kurudi Nyuma

Gari langu la kwanza, ambalo pia ni la mwisho, lilikuwa na gia tatu za kwenda mbele na hakuna hata moja ya kurudi nyuma. Nalitaja jambo hili mwanzoni kabisa kwa sababu hata aliyeniuzia alilitaja mwanzoni kabisa, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba gari halina mahali pa kuwekea mwavuli. Niliona ni jambo dogo.

Ili nieleweke, lazima niseme kidogo habari zangu, ingawa kujisema ni kazi inayonitoa jasho. Mimi ni Mmwera wa Kiegei, nimesoma mpaka darasa la nne, na tangu utoto ni mtu wa haya. Si ile haya ya kusifiwa, ya mtu mwenye adabu zake. Yangu ni ya kijinga. Dukani nilikuwa naonyesha kwa kidole. Mwenye duka akikosea akanipa chumvi badala ya sukari, naipokea chumvi, nashukuru, naondoka. Kuna wakati mama yangu alikuwa na chumvi ya kutosha ukoo mzima.

Mwaka 1948, Wazungu walipokuwa wanafyeka pori la Nachingwea ili walime karanga, nami nilikwenda kutafuta kazi, nikawekwa kwenye matrekta. Kazi yetu ilikuwa kuangusha miti. Matrekta mawili yalifungwa mnyororo mmoja mrefu, yakaenda sambamba, moja kushoto na moja kulia, na mnyororo ukawa unailaza miti iliyo katikati. La kushoto lilikuwa langu. La kulia lilikuwa la Saturnini, Mngoni kutoka Songea. Wangoni na sisi ni watani, kwa hiyo yule bwana alikuwa na haki ya kunitukana kutwa nzima bila mimi kukasirika, na haki hiyo aliitumia vizuri kuliko alivyotumia usukani.

Kazi ile ilinifaa. Kelele zilikuwa nyingi mno, hakuna aliyetegemea niseme neno. Lakini ilinilemaza kwa upande mmoja. Kwenye mashamba yale hakukuwa na kona, hakukuwa na njia nyembamba, wala mtu wa kupishana naye. Ulikuwa unakwenda mbele mpaka uambiwe basi. Nikatoka pale naitwa dereva, na mimi mwenyewe nikaamini.

Karanga zilipokataa kuota kama walivyotaka, Wazungu wakaanza kufunga mizigo na kuuza vitu. Fundi mmoja wa magari aliyekuwa anarudi kwao alikuwa na pikapu kuukuu. Nilitoa akiba yangu yote, nikaongeza na baiskeli yangu, nikaichukua. Iliwahi kuwa ya kijani. Mlango wa dereva ulifungwa kwa kamba ya katani, na kuiwasha ilibidi uzungushe hendeli ya chuma kwa mbele mpaka bega likuulize umelikosea nini. Lakini ilikuwa na honi. Kwa kweli ni honi niliyoinunua, hayo mengine yalikuja nayo tu. Ilikuwa na sauti nzito ya mtu asiyemwogopa yeyote. Siku ile niliibonyeza mara moja tu, watu wote waliokuwa barabarani wakageuka. Maisha yangu yote sikuwahi kumgeuza mtu hata mmoja.

Saturnini alilizunguka gari akilitazama kama mtu anayenunua mbuzi mgonjwa. Nilipomwambia kwamba halirudi nyuma, alikaa chini akacheka.

"Basi mmepatana," akasema. "Wewe huwezi kusema, lenyewe haliwezi kurudi. Mkichanganywa mnatoa kiumbe kimoja chenye nusu ya akili. Tuliite Songambele."

Likaitwa Songambele, nami nikajifunza kuishi nalo. Sikuingia mahali kabla ya kujua nitatokea wapi. Ijumaa nilikuwa nafika msikitini kabla ya muadhini, si kwa ucha Mungu, bali nipate nafasi ambayo mbele yake ni wazi. Siku moja nilisahau, nikaingia kwenye ua wa mfanyabiashara mmoja pale Nachingwea, ua wenye lango moja. Wapagazi wakalisukuma gari kinyumenyume mpaka barabarani huku wakiimba wimbo walioutunga papo hapo. Nakumbuka maneno yake yote, lakini sitayaandika.

Pamoja na hayo nililipenda gari lile. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilikuwa nalipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi mpaka nzi wanateleza. Nikiwa ndani yake, mkono mmoja dirishani, watu waliniita Bwana Dereva. Nikiteremka tu, narudi kuwa Mikidadi wa chumvi.

Nikaanza kubeba mizigo na abiria kati ya Nachingwea na Ruangwa. Ndiyo safari iliyonikutanisha na Mwantumu. Alikuwa amepanda nyuma na shangazi yake, juu ya magunia, na tulipofika Ruangwa akaja dirishani kwangu. Sura yake siisemi. Nilikuwa natazama usukani.

"Dereva," akaniambia, "hii honi yako inasema nini kila tukipita kwa watu?"

"Inasalimia."

"Na wewe mwenyewe husalimii?"

Nikabonyeza honi.

Alicheka mpaka akaushika ule mlango wa kamba ili asianguke, mlango ukamfungukia, akaanguka. Akakaa pale mavumbini akiendelea kucheka. Shangazi yake akauliza kama huyu dereva ni mzima. Mwantumu akajibu, "Mzima, ila ametiwa sauti mahali pasipo pake."

Tangu siku hiyo, kila nikipita kwenye njia panda ya kwao Likunja nilikuwa napiga honi, na huko mashambani mkono mmoja unainuka juu ya mimea. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya uchumba. Nusu ya watu wa Ruangwa walidhani honi imekwama.

Mwishowe nikamwomba mjomba wangu, Mzee Yunusi, apeleke posa. Kwetu Wamwera neno la mwisho kuhusu binti ni la mjomba wake, na mwanamume akioa ndiye anayehamia kwa mke, akalima pamoja na wakwe zake. Mjomba wa Mwantumu alikuwa Mzee Kaimu, mtu mfupi, mkavu, asiyependa kelele. Mzee Yunusi alirudi Kiegei na uso wa mtu aliyekula ugali bila mboga.

"Posa wameipokea," akasema. "Jibu bado."

"Kwa nini, mjomba?"

"Gari."

"Wanalitaka?"

"Wanalitaka! Hawalitaki hata kulisikia. Kaimu anasema mwenye gari leo yuko Likunja, kesho yuko Lindi, keshokutwa yuko Mtwara, na mpwa wake yumo humo ndani. Yeye anatafuta mtu wa kukaa. Na pale Ruangwa kuna fundi wa kushona ameshapeleka posa yake pia. Kaimu ananiambia, cherehani haina magurudumu."

Cherehani ina gurudumu moja, lakini niliona si wakati wa kulisema hilo.

"Sasa sikiliza," mjomba akaendelea. "Alhamisi wanavuna ufuta. Uende ukavune nao, wakutazame mikono. Jioni Kaimu atasema ndiyo au hapana, na akisema hapana, fundi amepata mke. Na uende kwa miguu, Mikidadi. Umenisikia? Kwa miguu."

Nilimsikia. Usiku nikafikiri na alfajiri nikaamua kinyume. Kwa miguu mimi nilikuwa nani? Nitasimama mbele ya ukoo mzima na kisu mkononi, niseme nini? Nilijiambia kwamba wakiliona gari lenyewe linavyong'aa, wakae kidogo kwenye kiti, Mzee Kaimu abonyeze honi mwenyewe, moyo wake utalegea. Mtu mwenye haya hufikiri sana, na kwa kuwa hamwambii mtu anachofikiri, hakuna wa kumzuia.

Hapo lazima nieleze desturi moja, maana ndiyo iliyoniponza. Posa ikishapokelewa, mama wa binti huwa mkwe wako, na mkwe hutaniani naye. Ukimwona anakuja njiani, unatoka njiani, unaingia majanini, unainamisha uso mpaka apite. Naye hujifunika. Hamsemeshani mpaka siku, baada ya ndoa, utakapompelekea zawadi ya kuondoa haya. Tumefundishwa hivyo jandoni tukiwa wadogo, na yanayofundishwa kule hayapiti kichwani, yanakaa miguuni.

Alhamisi asubuhi nikalipaka gari mafuta ya nazi, nikavaa kofia niliyoachiwa na Mzungu wa matrekta, nikamchukua Saturnini kama msindikizaji. Alikuja kwa moyo wote. Alisema hawezi kukosa maziko yangu.

Kutoka barabara kuu kwenda Likunja kulikuwa na njia iliyotosha gari moja, tena gari lenye adabu. Upande wa kulia kulikuwa na wigo wa miiba wa kuzuia nguruwe. Upande wa kushoto kulikuwa na shamba la ufuta uliokomaa, na ndani yake vichanja ambako matita yaliyovunwa yalikuwa yameegemezwa yakauke. Anayelima ufuta anajua hatua ile. Vitumba vya mbegu vimeshaanza kupasuka, na ukivigusa tu mbegu zote ziko chini. Watu hupita pembeni wakiwa wamebana hata nguo.

Tukapinda kona. Mbele yetu, katikati ya njia, alikuwa anakuja mwanamke mwenye kaniki, na tita la ufuta kichwani.

"Huyo nani?" Saturnini akauliza.

Alikuwa Bi Sabaha, mama yake Mwantumu.

Mtu mwingine angekanyaga breki. Breki zilikuwepo, tena nzima, ndicho kitu pekee kilichokuwa kizima. Lakini macho yangu yalimwona mkwe, na mwili ukafanya kile ulichofundishwa: ukatoka njiani. Tatizo ni kwamba ulitoka na gari. Nilipinda kushoto, nikaingia katika ufuta, na kwa kuwa adabu haijakamilika mpaka uiname, nikauachia usukani, nikavua kofia, nikainamisha uso mpaka magotini.

"Mikidadi!" Saturnini akapiga kelele. "Tazama mbele! Mbele, we Mmwera!"

Nisingeweza kutazama mbele. Mkwe alikuwa anapita.

Songambele likafanya kama jina lake. Nilisikia mbegu zikimwagika juu ya bati kama mvua ya kwanza. Nikasikia kichanja kimoja kikivunjika, halafu cha pili. Kisha ukaja mshindo mkubwa, chuma kikalia chini yangu, na paji la uso wangu likaangukia honi. Honi ikalia. Ikalia muda mrefu, maana nilikuwa bado nimeinama kwa heshima.

Nilipotelezesha kichwa chini ya usukani honi ikakoma, na Saturnini akasema polepole, "Kichuguu. Tumegonga kichuguu."

Nje nilisikia tita likitupwa chini. Halafu sauti ya Bi Sabaha, ambaye bila shaka alikuwa amenipa kisogo na kujifunika, kwa sababu sauti ilitoka ndani ya nguo.

"Wewe mwenzake! Muulize huyo mtu ufuta wangu umemkosea nini."

"Mikidadi, mama anauliza ufuta wake umekukosea nini."

"Mwambie mama nilikuwa nampisha," nikasema nikiwa chini ya usukani.

"Anasema alikuwa anakupisha, mama."

"Nimesikia, mimi si kiziwi! Mwambie njia ilikuwa inatosha. Ningesimama kwenye wigo."

"Anasema njia—"

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie naomba radhi."

"Anaomba radhi, mama. Kwa kweli anaomba radhi sana, ukimwona alivyojikunja utafikiri kobe."

"Mwambie honi yake bado inalia masikioni mwangu, na mwenyewe atoke humo. Ndugu zake Mwantumu wanakuja."

Walikuja wote waliokuwa wanavuna, na visu vyao mikononi, na mbele yao Mzee Kaimu. Nikateremka. Kofia ilikuwa imejaa mbegu za ufuta na sikujua niishike vipi. Bi Sabaha alikuwa amekwenda kusimama nyuma ya wanawake. Mwantumu nilimwona, alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Niliomba awe anacheka.

Mzee Kaimu alitazama njia ambayo gari lilikuwa limeichora katikati ya shamba la dada yake. Akatazama vichanja. Akanitazama mimi.

"Haya," akasema. "Umeshafika. Sasa liondoe."

Nikaanza kukung'uta mbegu kwenye kofia. Saturnini akataka kunijibia, mzee akainua mkono.

"Nimemwambia yeye."

"Haliwezi," nikasema.

"Haliwezi nini?"

"Mbele kuna kichuguu."

"Nakiona. Lirudishe nyuma."

"Halirudi nyuma."

"Leo?"

"Tangu nilinunue. Halijui."

Mzee Kaimu akalisogelea gari, akaliinamia kidogo, kama mtu anayetaka kusikia neno lile likisemwa na gari lenyewe. "Hebu rudia. Hili gari halirudi nyuma kabisa?"

"Kabisa, mzee."

"Kwa hiyo likifika mahali, limefika."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, wakafuata wote. Mimi nilikuwa natazama kofia. Nilijua kwamba jioni ilikuwa imekuja asubuhi, na kwamba pale Ruangwa kuna mtu amekaa kwenye cherehani yake, hana habari, na tayari ana mke. Saturnini alilala chini ya gari, akatoka na vumbi usoni. Ekseli ya mbele ilikuwa imepinda, lakini alisema si kitu.

"Mzee, tupe siku mbili," akamwambia Mzee Kaimu. "Nachingwea trekta bado lipo, na mnyororo wetu upo. Nitalivuta kinyumenyume mpaka barabarani, fundi anyooshe ekseli, na hamtaliona tena hapa wala mwenyewe."

Alikuwa ananisaidia, rafiki yangu. Alikuwa ananitafutia njia ya kutokea, kama nilivyokuwa nafanya mimi kila mahali. Mzee Kaimu akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Mwantumu akaishusha kanga, na sasa hakuwa anacheka.

"Liache," nikasema.

Saturnini akageuka. "Nini?"

"Usilete trekta." Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia, nikaiogopa, lakini ilikuwa imeshatoka, na mimi nami sikuwa na gia ya kuirudisha. "Gari likae hapo hapo. Mimi pia. Ufuta niliomwaga nitaulima mwaka kesho, na mwaka wa pili, kwenye shamba hili hili. Kama mzee ataniruhusu. Na kama Mwantumu atataka."

Katika maisha yangu hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasema mfululizo, na tangu siku ile sijayafikia tena.

Mwantumu akasema, "Piga honi kwanza nijue ni wewe."

Watu wakacheka tena, ila kicheko hiki kilikuwa cha namna nyingine. Mzee Kaimu hakucheka. Alimgeukia Saturnini akauliza, "Haya kayasema mwenyewe? Hukumfundisha?"

"Mzee, mimi Mngoni," Saturnini akajibu. "Ningemfundisha, yangekuwa na akili zaidi."

"Basi mpeni kisu," Mzee Kaimu akasema. "Tangu asubuhi tumesimama. Vuneni kilichobaki."

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake. Nilivuna mpaka jioni nikiwa nimempa mkwe wangu kisogo, kwa hiyo nilivuna nusu tu ya shamba, tena kwa kwenda kinyumenyume. Yule fundi wa kushona alipata mke mzuri kule kijiji cha Chunyu, na ndiye aliyenishonea kanzu ya harusi. Ilinibana kwapani. Sikumwambia.

Mvua zilipoanza, mbegu zote nilizozimwaga ziliota. Ufuta ukalizunguka gari pande zote ukafika madirishani, na huo ndio ufuta wangu wa kwanza kuulima kama mume wa mtu. Ulistawi vibaya kwa kuwa ulisongana, lakini nilikuwa nautazama kwa fahari, kama kwamba nimepanga.

Sasa imepita miaka zaidi ya ishirini. Magurudumu nilimpa Saturnini, akayafungia mkokoteni. Kuku wanataga kwenye kiti cha dereva na wananipigia kelele nikiwakaribia. Honi ilikufa mwaka ule ule. Mwantumu anadai kwamba ndipo nilipoanza kumwita kwa jina.

Bi Sabaha nilimpelekea zawadi ya kuondoa haya baada ya mtoto wetu wa kwanza kuzaliwa, na tangu hapo tunasalimiana, kwa mbali, kila mmoja akitazama kitu kingine. Sasa ni mzee, na kila msimu hutandaza mkeka juu ya boneti ya Songambele akaanika ufuta wake, kisha anakaa kwenye kivuli cha mlango wa kamba kufukuza kuku. Zawadi nilishatoa, desturi inaniruhusu kupita. Lakini miguu haijapata habari hiyo. Nikitoka shambani nikamwona amekaa pale, natoka njiani, naingia majanini, nainama, nangoja.

"Mikidadi!" huwa anaita bila kunitazama. "Pita, baba. Ni gari lako."

Nami huzunguka kwa nyuma ya kichuguu.